Mkono Unaposita: Hofu, Aibu na Mashaka Katika Kuomba Stahiki kwa Njia ya Mtandao

Huduma nyingi za Serikali ambazo zamani zilihitaji kupanga foleni dirishani, leo hupatikana kwa simu au kompyuta. Cheti cha kuzaliwa huombwa RITA kwa njia ya mtandao. Maombi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu hupokelewa na Bodi ya Mikopo kupitia mfumo wake. Wastaafu wa mfuko wa PSSSF wanaweza kujihakiki kwa simu janja. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki. Baadhi ya walengwa wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) hupokea ruzuku zao kwenye simu au akaunti ya benki.

Mtu anaposhindwa kuzifikia huduma hizi, sababu hutajwa kwa haraka: mtandao hafifu, umeme, bei ya kifurushi, simu isiyo na uwezo. Sababu hizo ni za kweli, na makala nyingine katika kitabu hiki zinazieleza. Hata hivyo, yuko mtumiaji ambaye simu anayo, mtandao unashika, na haki yake haina ubishi, lakini hasogei. Huahirisha hadi kesho, kesho huwa mwezi, na dirisha la maombi hufungwa. Mwingine humkabidhi mtu asiyemfahamu vizuri simu na namba ya siri, ili tu jambo liishe. Wote wawili wamezuiwa na kikwazo kilichomo moyoni, na wote wawili wako katika hatari ya kupoteza kilicho chao.

Makala hii inaeleza vikwazo hivyo, chanzo chake na namna ya kuvivuka. Mifano yetu tumeielekeza Kibaha na Kisarawe, wilaya mbili jirani za Mkoa wa Pwani, ambako mji na kijiji vinakaribiana: mkazi wa Maili Moja amezungukwa na mawakala wa fedha kila hatua chache, ilhali mkazi wa Vikumburu au Mzenga hupima kwanza nauli na siku ya shamba kabla ya kuamua kwenda kuuliza jambo mjini.

1. Imani hujengwa na watu

Kibaha ina nafasi ya pekee katika historia ya ruzuku nchini. Kabla Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini haujaanza mwaka 2012, TASAF iliendesha mpango wa majaribio wa uhawilishaji fedha katika wilaya tatu: Bagamoyo na Kibaha mkoani Pwani, na Chamwino mkoani Dodoma. Vijiji 80 vilihusishwa katika tathmini, na nusu yake, vijiji 40, vilianza kupokea fedha mapema mwaka 2010. Malipo yalifanyika kila baada ya miezi miwili, na kamati za jamii katika vijiji vyenyewe zilikuwa na sehemu kubwa katika kuwatambua walengwa na kuwafikishia fedha. Mlengwa alimjua aliyemkabidhi fedha, alijua anakoishi, na akiwa na swali alijua mlango wa kubisha.

Watafiti waliotathmini majaribio hayo walichunguza pia suala la imani. Waligundua kwamba walengwa waliongeza imani kwa viongozi wao wa kijiji waliochaguliwa, na kwamba ongezeko hilo lilikuwa kubwa zaidi katika vijiji vilivyokuwa na mazoea ya kufanya mikutano mingi. Penye mkutano pana swali, na penye swali mtu hupata kuelewa kwa nini jirani amepata na yeye hakupata, au kwa nini kiasi kimepungua.

Tunaukumbusha ukweli huo kwa sababu una uzito mkubwa leo. Malipo yanapohamia kwenye simu, mlengwa hupata faida: haongozani na wenzake kusubiri siku nzima, na fedha zake hazihesabiwi mbele ya macho ya watu. Lakini hupoteza kitu pia. Uso alioufahamu umetoweka, na mahali pake pamekuja ujumbe mfupi usio na jina analolijua. Anayesita mbele ya ujumbe huo anafanya jambo la busara: anatafuta mtu wa kumwamini kabla ya kutenda. Kusita huko hakustahili kuitwa ujinga wala uzembe.

2. Gharama isiyoandikwa kwenye fomu

Mwaka 2018 wataalamu wawili wa Marekani, Pamela Herd na Donald Moynihan, walichapisha kitabu kuhusu mzigo ambao wananchi hubebeshwa wanapofuatilia haki zao serikalini. Waliugawa mzigo huo katika gharama tatu. Ya kwanza ni gharama ya kujua: huduma ipi ipo, nani anastahili, inaombwa wapi. Ya pili ni gharama ya kutimiza masharti: nakala, picha, nauli, muda. Ya tatu ni gharama ya kisaikolojia: wasiwasi, fedheha, na hisia ya kudharauliwa au kutokuwa na uwezo juu ya jambo lako mwenyewe.

Gharama mbili za kwanza huonekana, na mtu huweza kuzilalamikia hadharani. Ya tatu hubebwa kimya. Hakuna mama anayemweleza mtendaji wa kijiji, “Sikuja kwa sababu niliona aibu.” Husema alikuwa na mgonjwa, au simu iliisha chaji.

Tena, gharama hii huwalemea zaidi wale wenye dhiki kubwa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wakulima wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Wakulima walewale walipewa majaribio ya kufikiri mara mbili: kabla ya mavuno, walipokuwa wamebanwa na ukata, na baada ya mavuno, walipokwisha kulipwa. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Akili zao hazikuwa zimebadilika. Ila sehemu kubwa ya mawazo yao ilikuwa imekaliwa na shida ya fedha.

Mkulima wa korosho wa Kisarawe ataitambua hali hiyo bila kufafanuliwa. Katika miezi inayotangulia msimu, mtu huwaza chakula, sare za shule na deni la dukani. Katika kipindi hichohicho huletewa ujumbe unaomtaka akumbuke nywila, aingize namba ya kitambulisho cha Taifa yenye tarakimu 20, na afanye hivyo kabla mfumo haujajifunga. Akikosea tarakimu moja, tatizo ni uchovu wa kawaida wa binadamu. Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza ni rahisi: usifanye maombi ya mtandaoni ukiwa umechoka, una haraka au una njaa. Chagua saa tulivu, keti, na uwe na karatasi na kalamu.

3. Vikwazo vitano vya moyoni

(a) Hofu ya kukosea. Wengi huamini kwamba kitufe kimoja kikibonyezwa vibaya, kila kitu kitaharibika: fedha zitapotea, jina litafutika, au Serikali itadhani wamedanganya. Hofu hii huwa kubwa kwa aliyezoea kazi za mikono, ambako kosa huonekana na hurekebishwa papo hapo. Kwenye simu kosa halionekani. Tutaeleza katika sehemu ya nne makosa yapi ni mepesi na yapi ni mazito.

(b) Aibu. Mzee aliyelea watoto na kuongoza kitongoji huona vigumu kumwomba mjukuu wa darasa la sita amsomee ujumbe. Mwenye kusoma kwa taabu hukwepa kuandika mbele ya kijana wa duka la steshenari. Wengine huona aibu ya ruzuku yenyewe, kana kwamba kuipokea ni kutangaza umaskini. Ipo pia aibu ya mwili: alama za vidole kutosomeka. Vidole vilivyoshika jembe kwa miaka mingi, na vidole vya wazee, mara nyingi mistari yake hulika, na mashine hushindwa kuisoma. Mwenye vidole hivyo hana kosa. Anawe mikono, aifute ikauke, ajaribu kidole kingine, na ikishindikana aombe njia nyingine ya utambuzi. Asiondoke akidhani amekataliwa.

(c) Mashaka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Karibu kila mwenye simu nchini amewahi kupokea ujumbe wa kumtaka fedha “itume kwenye namba hii,” kana kwamba walikwisha kuzungumza. Baada ya ujumbe kumi wa namna hiyo, ujumbe wa kumi na moja wa kweli kutoka taasisi ya Serikali nao hutiliwa shaka. Mashaka haya ni kinga nzuri, na hatumwombi mtu ayaache. Tunamwomba ayageuze kuwa uhakiki: ajue namna ya kutambua kweli, badala ya kukataa vyote au kukubali vyote.

(d) Hofu ya kuonekana. Wapo wanaohofia kwamba wakiuliza swali, jina lao litachunguzwa na kuondolewa kwenye orodha. Wengine hudhani wakionekana na simu janja, hata ya kuazima, watahesabiwa kuwa na uwezo. Matokeo yake, mtu huacha kuripoti kwamba jina lake limeandikwa vibaya, au kwamba malipo ya awamu moja hayakufika. Kosa dogo ambalo lingesahihishwa kwa wiki moja hukaa mwaka mzima, na siku ya uhakiki huonekana kama udanganyifu. Kunyamaza kuna hatari kubwa kuliko kuuliza.

(e) Kukata tamaa. Mtu akijaribu mara mbili na kuambiwa “taarifa si sahihi,” mara ya tatu hajaribu. Huanza kusema, “Haya mambo ni ya wasomi.” Kikwazo hiki ndicho kigumu zaidi, kwa sababu humfanya mtu aamini kwamba haki ile haikuwa yake tangu mwanzo. Hapa ni muhimu kufahamu kwamba jibu la mfumo huwa la aina tatu. Kuna hitilafu ya kiufundi, kama mtandao kukatika. Kuna upungufu wa taarifa, kama picha kukosekana au jina kutofautiana. Na kuna uamuzi wa taasisi kwamba mwombaji hastahili. Aina mbili za kwanza hazisemi lolote kuhusu haki yako. Aina ya tatu pekee ndiyo uamuzi, na hata huo una njia ya rufaa au malalamiko. Ukipata jibu la kukataliwa, uliza swali hili moja: “Je, hii ni hitilafu, ni upungufu, au ni uamuzi?”

4. Makosa mepesi na makosa mazito

Hofu hupungua mtu anapojua mipaka ya hatari. Yafuatayo ni makosa ambayo hurekebishika.

Kuingia ukurasa au menyu isiyo sahihi. Rudi nyuma, au acha simu itulie. Menyu ya namba za nyota na reli hujifunga yenyewe baada ya muda mfupi. Mpaka hapo hakuna kilichotumwa.

Kukosea namba ya siri. Ukirudia kosa, akaunti hufungwa kwa muda ili kuilinda. Fedha zako zimo ndani. Nenda kwa mtoa huduma wako ukiwa na kitambulisho, utasaidiwa kuweka namba mpya.

Majina kutofautiana. Katika ukanda wetu wa Pwani jina moja huandikwa kwa namna nyingi: Rajabu na Rajab, Mwanaidi na Mwanahidi, Saidi na Said. Cheti cha kuzaliwa kikiwa na namna moja na kitambulisho cha Taifa kikiwa na nyingine, mfumo huona watu wawili. Marekebisho hufanyika katika taasisi iliyotoa hati. Huchukua muda, kwa hiyo linganisha herufi za hati zako mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Kuacha ombi katikati. Mifumo mingi huhifadhi ulichokwisha kujaza. Andika namba ya kumbukumbu na nywila yako mahali salama nyumbani, uweze kurudi na kuendelea.

Yafuatayo ni makosa mazito, na ndiyo yanayostahili tahadhari yako yote.

Kumtajia mtu namba ya siri, au namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Hakuna mtumishi wa Serikali, wa benki wala wa kampuni ya simu anayehitaji kuijua.

Kutuma fedha kwa namba isiyo sahihi na kuthibitisha. Zikishatolewa na mpokeaji, kuzirejesha ni vigumu. Ukigundua kosa, piga simu kwa mtoa huduma wako mara moja.

Kuruhusu laini isajiliwe kwa alama zako za vidole pasipo wewe kuihitaji. Laini hiyo ikitumika kwa uhalifu, jina linaloonekana ni lako. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua uitolee taarifa.

Kupitisha tarehe ya mwisho. Hili husahaulika kwa kuwa halifanani na kosa. Mwanafunzi aliyeogopa kujaza fomu ya mkopo vibaya na hatimaye hakuijaza kabisa amejiletea hasara kubwa kuliko yule aliyeijaza kwa makosa na kuitwa kusahihisha.

Ukiilinganisha orodha ya kwanza na ya pili, utaona jambo la kutia moyo. Makosa tunayoyaogopa zaidi, yale ya kubonyeza, ni mepesi. Makosa mazito hutokana na haraka, na kumwamini mtu kupita kiasi, au kutotenda kabisa.

5. Kuomba msaada bila kukabidhi funguo

Kuomba msaada ni jambo la kawaida, na hata mataifa yenye mtandao mwingi huliruhusu. Denmark ilifanya barua za Serikali kwa wananchi kuwa za kielektroniki kwa lazima kuanzia Novemba 2014. Sheria hiyohiyo iliacha mlango: mtu asiyeweza kwa sababu ya ulemavu, kukosa kompyuta au sababu nyingine zinazokubalika huomba msamaha na kuendelea kupokea barua za karatasi. Ikiwa nchi hiyo ilitambua kwamba si kila raia ataweza, mkazi wa Maneromango hana sababu ya kuona haya kusema, “Mimi hili siliwezi peke yangu.”

Suala ni namna ya kusaidiwa. Tunapendekeza kanuni nne.

Kwanza, msaidizi asome, wewe ubonyeze. Simu ikae mikononi mwako. Kama kusoma ni kwa taabu, jifunze tarakimu kwa vidole: kwenye simu nyingi za vitufe, kitufe cha 5 kina kinundu kidogo. Ukikipata hicho, tarakimu nyingine zote huzunguka hapo. Kinundu hiki huwasaidia pia wasioona.

Pili, namba ya siri uiingize mwenyewe, na msaidizi ageuke pembeni. Mjukuu mwenye adabu hataudhika. Mwambie ni utaratibu, wala haina maana kwamba humwamini.

Tatu, kabla ya kitufe cha mwisho, omba usomewe kila kitu upya: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, kiasi. Hakikisha namba ya simu iliyoandikwa ni yako na si ya msaidizi. Watu wengi hujazia maombi kwenye duka la steshenari, na mhudumu huweka namba yake ili kurahisisha kazi. Tangu hapo taarifa zote za ombi humfikia yeye.

Nne, ondoka na ushahidi. Omba karatasi iliyochapishwa, au andika namba ya kumbukumbu, tarehe, na jina la aliyekusaidia. Ukilipa mhudumu kwa kuchapa na kujaza, hiyo ni gharama ya kazi yake. Lakini ada ya huduma yenyewe ya Serikali, ikiwepo, hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali. Anayetaka ada hiyo kwenye namba yake binafsi ni kishoka.

Kwa mwenye simu ndogo isiyo na intaneti, Serikali ina menyu ya *152*00#, ambayo hukusanya huduma za taasisi mbalimbali za umma na haihitaji kifurushi cha intaneti. Tunashauri mtumiaji anayeogopa aanzie hapo kwa mazoezi. Ifungue, soma orodha, kisha funga bila kuchagua chochote. Rudia kesho yake. Kufungua menyu na kuifunga hakumwondolei mtu haki yoyote, na woga wa mgeni hupungua kila anapopita njia ileile.

6. Neno kwa watoto, wajukuu na watoa huduma

Anayesaidia ana nguvu ya kuondoa kikwazo au kukikuza. Kumnyang'anya mzee simu na kumaliza kila kitu kwa nusu dakika huonekana kama msaada, lakini humwacha akiwa tegemezi kuliko alivyokuwa. Mwamkie, keti naye, mwache aende polepole. Usicheke akikosea. Usiseme, “Ni rahisi sana hii,” kwa sababu asiyeweza jambo lililoitwa rahisi hujiona mjinga maradufu. Sema, “Hapa hata mimi nilisumbuka mwanzoni,” ikiwa ndivyo ilivyokuwa.

Kwa watumishi wa dirishani, maafisa maendeleo ya jamii na watendaji wa vijiji na mitaa, tunaomba tahadhari juu ya maneno “mfumo umekukataa.” Mwananchi huyasikia kama hukumu. Ni bora kusema, “Mtandao haupatikani sasa, jina lako bado lipo,” au, “Panakosekana nakala moja, ukiileta tunaendelea.” Pale uamuzi ni wa kukataliwa kweli, mweleze sababu na mahali pa kulalamika, tena kwa faragha. Mambo ya ruzuku ya mtu hayatangazwi mbele ya foleni.

Mikutano ya kijiji bado ina thamani yake. Mpango wowote wa kuhamishia malipo kwenye simu utapokelewa vizuri zaidi iwapo namba na jina la taasisi litakalotokea kwenye ujumbe vitatangazwa kwanza mkutanoni, na mtu mmoja mwenye simu ndogo akaonyesha hatua zote mbele ya wenzake. Yaliyoonekana katika vijiji vya majaribio yanatuelekeza huko.

7. Ukikwama: ngazi za kufuata

Ujumbe ukitia shaka, usiujibu na usipige namba iliyomo ndani yake. Uliza kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, au piga namba rasmi ya taasisi uliyoipata kwenye hati au ofisi yake. Ujumbe ukithibitika kuwa wa kitapeli, upeleke kwenye namba 15040 na ufuate maelekezo, ili namba ya mtumaji ishughulikiwe.

Tatizo likiwa la laini, makato au akaunti ya fedha ya simu, anza kwa mtoa huduma wako na uombe namba ya lalamiko. Usiporidhika na jibu, lalamiko hilo unaweza kulifikisha kwa mamlaka ya udhibiti ukiwa na namba hiyo.

Tatizo likiwa la ruzuku, anza na kamati ya kijiji au mtaa na mtendaji, kisha ofisi ya mratibu wa TASAF katika halmashauri yako: kwa Kisarawe ni makao makuu ya halmashauri mjini Kisarawe, kwa Kibaha, hakikisha kwanza kijiji au mtaa wako uko chini ya halmashauri ipi kati ya mbili zilizopo, kwa maana ni ofisi mbili tofauti. Maoni na malalamiko kuhusu taasisi yoyote ya umma hupokelewa pia kupitia mfumo wa e-Mrejesho.

Tatizo likiwa la taarifa zako kutumiwa vibaya au kuandikwa isivyo, fahamu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje na kuomba zisahihishwe. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayosimamia sheria hiyo.

Mambo ya kukumbuka

Stahiki uliyopewa kwa mujibu wa sheria au utaratibu wa Serikali ni yako kabla hujagusa simu, na inabaki kuwa yako simu ikigoma. Kosa la kubonyeza hurekebishwa. Namba ya siri iliyotolewa hairudi. Jibu la mfumo ulihoji: ni hitilafu, ni upungufu au ni uamuzi? Msaidizi asome, wewe ubonyeze. Andika namba ya kumbukumbu. Na tarehe ya mwisho ikikaribia huku moyo ukisita, nenda ukaulize siku hiyohiyo, hata kama swali lenyewe hujui kulipanga. Mwambie mtumishi, “Nimeletewa ujumbe huu, nami sijui nianzie wapi.” Maneno hayo yanatosha kufungua mazungumzo, na ni wajibu wa ofisi ya umma kuyapokea.